Sura ya Saba: Sheria Inayopima kwa Kilo

Mji wa Makambako, mkoani Njombe, umekuzwa na njia. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia 1970 hadi 1975 kwa urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, hupanda kutoka bonde la Kilombero, ikapenya mahandaki na kuvuka madaraja baada ya Mlimba, na ifikapo Makambako ndipo inapokutana na barabara kuu ya Zambia. Hapo hapo huchepuka barabara ya Njombe na Songea. Lori la shaba linalotoka Zambia, la mahindi ya Ruvuma, la mbao na viazi vya Njombe, na lile la mafuta linaloelekea Lubumbashi, yote hupita mji huu, na mengi hulala. Kwa hiyo pana nyumba za wageni, mama lishe, mafundi wa matairi, madalali, bodaboda wanaokesha, na mizani ya barabarani ambako kila gari la mzigo hupanda na kushuka.

Bangi nayo hupita hapo, kwa sababu zile zile zinazopitisha viazi. Ipo ya milima na mabonde ya Nyanda za Juu Kusini, na ipo iliyovuka mpaka, ambayo vijana huiita cha Malawi. Siku hizi ipo pia skanka, aina kali zaidi, ambayo Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, DCEA, imekuwa ikiionya nchi juu yake mara kwa mara. Njiani huwekwa chini ya magunia ya mkaa, kati ya mbao, au ndani ya viroba vya nafaka. Ikifika mjini hugawanywa kuwa puli, puli zikawa misokoto, na msokoto ndio unaouzwa nyuma ya stendi.

Katika sura hii nimeshika neno moja. Sheria yetu imejua kulipima jani, lakini bado haijajua kumpima mtu aliyekutwa nalo. Nimelishika kwa sababu katika mikoa yetu ya kusini gharama ya upungufu huo hulipwa na watu ninaowaona kila msimu, nao si wale ambao sheria ilitungwa kwa ajili yao.

Tuanzie shambani. Anayeijua Njombe anavijua vinyungu, zile bustani za bondeni zinazoshika unyevu wakati milima yote juu imekauka. Kinyungu ndicho kinacholisha familia kiangazi: mahindi ya kuchoma, maharage, mboga, viazi vya mapema. Vinyungu vingi viko mbali na barabara, nyuma ya misitu ya miwati na misindano, na mtu anaweza kupita hatua chache tu asijue kilichooteshwa katikati ya mahindi. Miche michache ya bangi huingia hapo bila kuhitaji trekta wala mbolea nyingi.

Kwa nini mkulima aiingize? Jibu la haraka ni tamaa, na mimi silikubali. Mtazame mkulima wa viazi mviringo anavyouza. Gunia lake hushonewa nyongeza juu, ile lumbesa, ili mnunuzi alipie gunia moja na kuondoka na moja na nusu. Wakala wa Vipimo wameipiga marufuku lumbesa mwaka baada ya mwaka, na viongozi wameikemea kwenye mikutano, nayo ikaendelea kupakiwa mchana kweupe. Mkulima huyo akigeukia parachichi la Hass, anasubiri miaka mitatu hivi kabla mti haujaanza kumlipa vizuri. Akipanda misindano ya mbao anasubiri zaidi ya miaka kumi. Bangi huiva kwa miezi, ikikaushwa ni nyepesi kubeba, haiozi njiani kama nyanya, na mnunuzi huifuata hadi nyumbani akiwa na fedha taslimu. Hakuna zao lingine kinyunguni ambalo soko lake huja lenyewe namna hiyo.

Sisemi haya kumsafisha kila alimaye. Wapo wanaolima kwa ekari, wanaokodi vijana kulinda, na wanaojua kabisa mzigo wao unakwenda kwa nani. Lakini shamba la namna hiyo na miche kumi na miwili iliyojificha kwenye mahindi ya mama mjane si jambo moja, na wananchi wa vijijini huijua tofauti hiyo kuliko maandishi ya sheria yanavyoijua.

Marufuku yenyewe haikuzaliwa huku. Uvutaji wa bangi kwa kiko cha maji, kilichotengenezwa kwa kibuyu, ulikuwa umeenea katika bara letu kabla ya ukoloni. Richard Burton aliukuta njiani alipotembea kutoka pwani kwenda Tanganyika kati ya 1857 na 1859, akauandika. Mjerumani Hermann von Wissmann aliona makubwa zaidi. Mwaka 1881, huko Kasai katika Kongo ya leo, alifika kwa Kalamba Mukenge, chifu wa Walulua, ambaye watu wake walikuwa wamejiunga katika undugu wa kuvuta bangi, wakaacha pombe ya mitende na kuifanya bangi kuwa alama ya amani kati ya koo. Miaka michache baadaye Wissmann huyo huyo aliletwa pwani yetu kuongoza majeshi ya Wajerumani dhidi ya Abushiri bin Salim, na mwaka 1895 akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Uamuzi wa kuliweka jani hili pamoja na kasumba ulifanyika Geneva, kwenye mkutano wa kasumba wa 1924 na 1925. Ajenda haikuwa na bangi hata kidogo. Ni mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy, aliyeiingiza, akilia na hali ya hashishi nchini kwake, na wajumbe wengine wakamkubalia. Tanganyika wakati ule ilikuwa chini ya udhamini wa Uingereza, haikuwa na kiti wala sauti. Mkataba Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa 1961 ukaja kukaza zaidi: ukaipanga bangi katika jedwali la dawa za hatari kabisa, karibu na heroini, na kuyapa mataifa yaliyokuwa yameizoea muda wa miaka 25 kuyamaliza matumizi yasiyo ya tiba. Tarehe 2 Desemba 2020, huko Vienna, Tume ya Dawa za Kulevya ya Umoja wa Mataifa ilipiga kura kuiondoa katika jedwali hilo kali. Kura 27 zilikubali, 25 zilikataa, mmoja hakupiga. Bangi ikabaki chini ya udhibiti, lakini dunia ikawa imekiri kwamba ina matumizi ya tiba.

Kwetu, baada ya sheria ya 1995, Bunge lilitunga mwaka 2015 Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Sura ya 95 ya sheria za nchi, ikarekebishwa 2017 na baadaye. Ndiyo iliyoizaa DCEA, na ni sheria kali. Kulima kunaweza kumfikisha mtu kwenye kifungo cha miaka 30. Kusafirisha ni miaka 30 kwa mzigo ulio chini ya kiwango kilichowekwa, na ukizidi kiwango ni maisha. Kwa mzigo mkubwa dhamana haipo, mtuhumiwa hukaa rumande mpaka kesi iishe. Miaka 30 ndiyo adhabu tuliyoiwekea nchi hii kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Ndiyo inayoanzia kwa mbakaji.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni upana wa kosa lenyewe la kusafirisha. Mtu wa kawaida akisikia kusafirisha huona lori. Katika sheria hii ndani yake mmo kuuza, kununua, kugawa, kuhifadhi, kumiliki, kuzalisha na kupeleka. Mwenye kufadhili mzigo, dereva aliyelipwa kuuficha, utingo aliyeambiwa tu apakie, bibi aliyeombwa amwekee mjukuu wake kiroba uvunguni: wote wanaweza kusimama chini ya kifungu kimoja. Kinachowatenganisha ni kilo. Upo mlango wa kando kwa kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe, na adhabu yake ni nyepesi zaidi. Julai 2018, katika Mahakama ya Kisutu, mwigizaji maarufu aliyepatikana na hatia ya kukutwa na misokoto alitozwa faini ya shilingi milioni 2 au kifungo cha mwaka mmoja, akalipa. Kijana wa kupakia viazi Makambako hana milioni 2. Kwake faini hiyo na jela ni kitu kimoja.

Kilo, basi, inaamua. Na kilo ya bangi ni kipimo kinachodanganya. Mche uliong'olewa shambani ni maji kwa karibu robo tatu ya uzito wake. Ukikauka hubaki kidogo sana. Takwimu za DCEA za mwaka 2023 zilionyesha kukamatwa kwa zaidi ya kilo milioni 1.9 za dawa za kulevya nchini, karibu zote zikiwa bangi na mirungi. Mwaka huo huo, mwezi Desemba, ukamataji mmoja wa heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa ulifikia kilo 3,182. Ukiziweka namba hizo mbili kwenye mizani, bangi inaonekana mlima na nyingine kichuguu. Ukizipima kwa makaburi, kwa sindano, kwa familia zilizouza mashamba kumtibu mtoto, kichuguu ndicho mlima. Askari waliofanya kazi ile ya Desemba walistahili kila sifa waliyopewa. Ninachokitilia shaka ni tabia ya kuupima ushindi kwa tani za majani mabichi yaliyochomwa bondeni, kwa sababu tabia hiyo humvuta askari kwenda palipo pepesi: kwa mwenye kinyungu.

Hapa nisieleweke vibaya. Bangi si mchicha. Njombe ni mkoa wa baridi, Juni na Julai mtu huvaa koti jua likiwa utosini, na kazi zake ni nzito: kupasua mbao, kubeba magogo, kuchuma chai, kupakia malori usiku. Kileo kimekuwapo siku zote. Upo ulanzi, unaogemwa kwenye mianzi wakati wa mvua, na ipo komoni ya mahindi na ulezi. Wazee walikuwa na taratibu za nani anakunywa, lini na pamoja na nani. Msokoto haukuingia na taratibu hizo. Uliingia na njia, ukaenda kwa vijana wanaolala mbali na wazazi wao, na mara nyingi sasa huanza wakiwa na miaka kumi na mitano au chini yake. Umri huo ndio mbaya zaidi. Ubongo wa kijana bado unajengwa, na tafiti za nchi nyingi zimekubaliana kwamba anayeanza mapema, anayevuta kila siku, na anayetumia aina kali kama skanka, hujiongezea hatari ya ugonjwa wa akili, hasa kama katika ukoo wake upo tayari. Wauguzi wa hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, iliyofunguliwa Dodoma mwaka 1927, hawahitaji kusomewa tafiti hizo.

Kwa mtumiaji wa heroini nchi yetu imefanya jambo la kujivunia. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, ikiwa ya kwanza katika bara la Afrika kusini mwa Sahara, na huduma hiyo imefika hadi Mbeya. Lakini methadoni haimtibu mvuta bangi, na hakuna kidonge kinachomtibu. Tiba yake ni mazungumzo, muda, kazi, na mtu wa kumfuatilia. Ukimkamata kijana wa stendi ukampeleka mahabusu, vyote vinne umemwondolea.

Na Njombe ingeweza kuwafundisha wengine hapa. Ni mkoa uliobeba mzigo mzito wa UKIMWI kuliko mingine yote ya Bara: utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima. Katika vita hiyo mkoa ulijifunza kwa machungu kwamba kutisha hakumfikii dereva wa lori wala mhudumu wa baa. Kilichomfikia ni waelimishaji rika, upimaji uliofuata watu usiku walipo, na muuguzi asiyeuliza maswali ya kipolisi. Njia hizo zipo tayari, wahusika wake wanaijua kila kona ya Makambako. Sioni sababu ya kijana wa msokoto kutopitia mlango ule ule. Mwenge wa Uhuru hupita kila mwaka na ujumbe wa kupinga dawa za kulevya, watu wakashangilia, ukaendelea na safari. Anayebaki na kijana ni jirani.

Sasa tuvuke ziwa. Wilaya ya Ludewa, ndani ya mkoa huu huu, inashuka hadi Ziwa Nyasa, na ng'ambo ni Malawi. Februari 2020 Bunge la Malawi lilipitisha sheria ya kuruhusu kilimo cha bangi kwa tiba na viwanda. Lesotho ilikuwa imetangulia kutoa leseni 2017, Zimbabwe 2018. Afrika Kusini ilifika kwa njia nyingine: Septemba 2018 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mtu mzima kuvuta na kuotesha kwa matumizi yake binafsi mahali pa faragha ni haki yake. Mbali kabisa, katika Bahari ya Pasifiki, Visiwa vya Mariana ya Kaskazini, himaya ndogo ya Marekani yenye watu wasiofika elfu 50, viliruhusu bangi kwa watu wazima mwaka huo huo wa 2018, ingawa sheria ya shirikisho ya Marekani iliendelea kuikataza, na jirani yao Guam ikafuata 2019. Makambako haina uwezo huo hata ingeutaka. Sheria yetu ni ya Tanzania Bara nzima, hutungwa Dodoma.

Na Dodoma hoja imewahi kufika. Mwaka 2019 Jumanne Kishimba, aliyekuwa mbunge wa Kahama Mjini, alisimama bungeni kuitaka serikali iruhusu kilimo cha bangi kwa ajili ya tiba na biashara ya nje. Wabunge walicheka, magazeti yakaandika, serikali ikakataa. Hoja ilistahili zaidi ya kicheko, ingawa mimi mwenyewe sina matumaini nayo makubwa, na sababu iko ng'ambo ya ziwa. Leseni za Malawi ziliwekewa ada ambazo mkulima wa jembe hawezi kuzigusa, na masharti ya maabara, uzio na mnunuzi wa nje aliyethibitishwa. Soko halali limekwenda kwa makampuni. Mkulima aliyeilima kwa kujificha ameendelea kujificha. Leseni za namna hiyo zikija Njombe, mama wa kinyungu atabaki na miaka yake 30 na kampuni itabaki na kibali.

Hoja ya tiba nayo inataka uangalifu. Nasikia watu wakisema bangi ihalalishwe kwa sababu inaponya kifafa. Ni kweli kwamba Juni 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa itokanayo na mmea huu, kwa aina mbili adimu za kifafa cha watoto. Lakini kifafa kingi cha Nyanda za Juu Kusini kina chanzo chetu wenyewe, nacho ni tegu wa nguruwe, ambaye mayai yake humwingia mtu kupitia uchafu na kisha kujenga malengelenge kwenye ubongo. Dawa ya wengi wa wagonjwa hao ni fenobarbitoni ya bei ndogo, itolewe kila siku bila kukatika. Kinga yake ni choo na banda la nguruwe lililofungwa. Mtoto wa kifafa akipewa moshi badala ya kidonge hicho, ameibiwa.

Kwa hiyo ninachokitaka ni kidogo kuliko wanachokitaka wenye kutaka kuhalalisha, na ni kikubwa kuliko kilichopo. Nataka mtumiaji atoke mikononi mwa polisi aende kwa muuguzi. Nataka mkulima wa miche michache ahukumiwe kama mkulima wa miche michache, na hakimu apewe nafasi ya kuangalia umri, umaskini, na nani alimlipa. Na mzigo ukikamatwa barabarani, nataka upelelezi upande juu kuelekea kwa mwenye fedha badala ya kuishia kwa aliyekutwa ameukalia.

Hilo la mwisho ndilo gumu. Kesi ya bangi husimama juu ya karatasi. Lazima iwepo hati ya ukamataji iliyosainiwa na mtuhumiwa na shahidi huru, kielelezo kifungwe na kutiwa lakiri, kifike kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya kanda Mbeya, na kila mkono uliokishika uonekane kwenye maandishi. Mahakama ya Rufani iliuweka msingi huo katika shauri la Paulo Maduka na wenzake wanne dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007. Shauri lile halikuhusu bangi, lakini tangu hapo limenukuliwa katika rufaa nyingi za dawa za kulevya, na mnyororo wa kielelezo ukikatika hukumu hutenguliwa. Ni msingi mzuri, unamlinda asiye na hatia. Ila rufaa huchukua miaka, na utingo aliyeingia gerezani akiwa na miaka ishirini na mbili hutoka akiwa karibu na thelathini, kwa sababu ya saini iliyokosekana siku ya kwanza. Ukisoma hukumu za namna hiyo, utakuta mengi: namba ya gari, uzito wa viroba hadi gramu, majina ya askari, muda wa kuondoka na kufika. Anayekosekana ni mwenye mzigo. Katika nyingi nilizozisoma hakuna hata swali moja aliloulizwa utingo juu yake.